Umtoe Mrushaji wa Mwisho Upewe Chipukizi? Hesabu ya Besiboli Kila Julai

Mechi ya besiboli inayoanza saa moja jioni New York, hapa Dodoma ni saa nane usiku. Kwa hiyo sisi wachache tunaoufuatilia mchezo huu hatuangalii mechi, tunaamkia matokeo. Mwisho wa Julai tunaamkia mishtuko. Nje kuna baridi na upepo wa vumbi, chai haijachemka, unafungua simu unakuta timu uliyoizoea imemtoa mrushaji wake hatari kuliko wote, ikapokea chipukizi watatu, vijana wa ligi ndogo ambao hata majina yao hujawahi kuyasikia. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma walionasa na mchezo huu kupitia simu zao, na hapo ndipo huja na swali lao: "Kaka, hii timu imekata tamaa au imelogwa?"

Jibu langu nalitanguliza ili tusizungushane: mara nyingi timu iko sahihi. Mrushaji wa mwisho ni mtu ambaye bei yake sokoni huipita kazi anayoifanya, hasa kwa timu isiyokwenda popote mwaka huo. Lakini hiyo "mara nyingi" ina vichaka vyake, na ndani ya kichaka kimojawapo timu ya Milwaukee ilipoteza msimu mzima.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kwa ufupi. Mechi ina awamu tisa, kila upande hupata zamu moja ya kupiga katika kila awamu, na zamu huisha wapigaji watatu wakishatolewa. Tatu mara tisa ni ishirini na saba. Hao ndio watu unaotakiwa kuwatoa ili mechi iishe. Hakuna saa inayohesabu dakika za mechi, kwa hiyo ukiwa mbele huwezi kulala chini na kushika goti kama wanavyofanya makipa wetu dakika ya themanini na tano. Lazima mtu asimame katikati ya uwanja, aurushe mpira, na ampe mpinzani nafasi ya kuupiga mpaka yule wa ishirini na saba atoke. Mrushaji anayeanza mechi huenda awamu tano au sita, mkono unachoka, wanaingia wengine. Awamu ya tisa ikifika na timu iko mbele kwa tofauti ndogo, anaitwa mrushaji wa mwisho. Taa zinazimwa na kuwashwa, muziki wake unapigwa, jamaa anakimbia kutoka pembeni. Anarusha mipira kumi na tano au ishirini, kazi imekwisha. Aroldis Chapman, mmoja wa mabingwa wa kazi hiyo, mwaka 2010 alirusha mpira uliopimwa kwa kasi ya kilomita 169 kwa saa. Hebu fikiria mpira mgumu uendao hivyo ukikupita karibu na mbavu.

Umaarufu wa kazi hii una mzizi wake kwenye takwimu. Mwandishi wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, alibuni namna ya kuwahesabia warushaji wa akiba ushindi walioulinda, na mwaka 1969 ligi ikaipokea hesabu hiyo rasmi. Tuiite sevu. Ukiingia timu yako ikiongoza kwa pointi tatu au chini ya hapo, ukairusha awamu nzima ya mwisho na ushindi ukabaki, umepata sevu moja. Mariano Rivera wa Yankees ya New York alistaafu akiwa na sevu 652, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingia kwenye jumba la heshima la mchezo huo kwa kura zote, bila hata moja kumkataa.

Tatizo la sevu ni kwamba haitofautishi mzigo. Aliyeingia timu iko mbele kwa pointi moja na aliyeingia iko mbele kwa tatu wanaandikiwa alama ileile, wakati mwenye pointi tatu angeshinda karibu kila mara, awe nani anayerusha. Wachambuzi waliopekua kumbukumbu za mechi za miongo mingi waliona jambo la kukera: timu inayoingia awamu ya tisa ikiongoza hushinda takriban mara 95 katika 100, na ilikuwa hivyo hata zamani kabla mtu yeyote hajalipwa mamilioni kwa ajili ya awamu hiyo. Mabilioni yanamwagwa kugombania sehemu ya zile tano zilizobaki.

Sasa weka na wingi wa kazi yenyewe. Msimu una mechi 162, sawa na awamu 1,458 kwa timu moja. Mrushaji wa mwisho hurusha awamu kama sitini. Hiyo ni asilimia nne. Mchezaji wa kila siku, anayepiga na kulinda kituo chake mechi 150, yumo ndani ya mchezo mara nyingi zaidi. Ukiniambia nichague mmoja wa kumjengea timu, sitamchagua mtu wa asilimia nne.

Ushahidi mkali zaidi wa hoja hii haukupangwa na mtu. Mwaka 2024 Emmanuel Clase wa Cleveland alikuwa mrushaji wa mwisho bora duniani: sevu 47, na kwa wastani wa kila awamu tisa aliruhusu pointi 0.61. Julai 2025 timu nyingine zilikuwa zinamtamani. Tarehe 28 ya mwezi huo, siku tatu kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, ligi ikamweka kando kupisha uchunguzi wa mambo ya kamari. Cleveland ikampoteza bila kupata hata chipukizi mmoja. Kwa mantiki ya mashabiki, hapo timu ilitakiwa kuporomoka. Kijana aliyekuwa akirusha kabla yake, Cade Smith, alisogezwa awamu ya tisa, na Cleveland iliyokuwa nyuma ya Detroit kwa zaidi ya mechi kumi na tano ikaja kutwaa ubingwa wa kundi lao. Sisemi ilishinda kwa sababu Clase hakuwepo. Nasema pengo lake lilizibika kwa mtu aliyekuwa tayari ndani ya nyumba.

Warushaji wengi wa mwisho hupatikana hivyo hivyo, ndani ya nyumba. Rivera mwenyewe alianza ligi kuu mwaka 1995 kama mrushaji wa kuanza mechi. Josh Hader, ambaye tutamrudia sana, alichukuliwa mwaka 2012 katika raundi ya 19 ya timu kugawana vijana wapya, yaani baada ya mamia ya wenzake, akapita timu tatu huku akifundishwa kazi ya kuanza mechi. Unamchukua kijana mwenye aina mbili nzuri za kurusha mpira badala ya nne, mkono wake hauwezi kwenda awamu sita, unampa awamu moja na kumwambia atumie nguvu zote. Ni kazi inayohitaji kipaji, hilo halina ubishi. Lakini ni rahisi kumtengeneza mtu wa kazi hiyo kuliko kumtengeneza mdakaji, yule anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji, ambaye pia anapiga vizuri.

Kabla hatujafika kwenye kuuza, elewa sokoni watu wanauziana nini, maana hapa mazoea yetu ya soka yanapotosha. Simba ilipomuachia Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, iliingiza fedha. Januari 2022 akarudi Msimbazi, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Besiboli ya Marekani haiendi hivyo. Timu hubadilishana watu kwa watu, fedha huwa kidogo au hakuna kabisa. Kilicho na thamani ni mtu pamoja na miaka iliyobaki ambayo timu inammiliki. Mchezaji akiingia ligi kuu hubaki mikononi mwa timu kwa takriban misimu sita kabla hajawa huru kwenda anakotaka, na katika ile mitatu ya mwanzo kwa kawaida hulipwa karibu na kima cha chini. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa dola 760,000. Kwetu hiyo ni ghorofa pale Kisasa na chenji ya kutosha. Kwao ni senti: Hader alipokuwa huru, Januari 2024 alisaini na Houston miaka mitano kwa dola milioni 95.

Kwa hiyo timu inayotoa mrushaji wa mwisho mwenye mwaka mmoja uliobaki na kupokea kijana wa miaka kumi na tisa, inatoa awamu sitini na kupokea tiketi ya miaka sita ya bei nafuu. Tiketi, kwa maana ya bahati nasibu. Chipukizi hupanda ngazi nne za ligi ndogo, katika miji midogo, kwa mabasi, na walio wengi huishia njiani: mkono unaumia, au mpira wa kupinda unawashinda. Atakayekuambia kwamba chipukizi ni "uwekezaji" asiongeze kwamba wengi wao hupotea, huyo anakuuzia kitu.

Mwezi Julai bei hupanda ghafla, na wanaokwenda mnadani Msalato hawahitaji maelezo marefu juu ya hilo. Maksai aliyenona ana bei yake ya kawaida, lakini akitokea mtu mwenye harusi keshokutwa na wageni mia tatu, bei hiyo inasahaulika. Muuzaji mwenye akili humtambua mtu wa harusi kwa mwendo wake tu. Mwenye harusi naye hakosei kununua. Kwake nyama ya keshokutwa ina thamani kuliko mitamba mitatu ya miaka ijayo, ambayo mmoja unaweza kufa kwa ukame na mwingine ukawa tasa. Timu iliyo kwenye mbio za ubingwa mwisho wa Julai ndiyo mwenye harusi. Dirisha likifungwa haitaweza kubadilishana na mtu tena mpaka msimu uishe, na Oktoba, kwenye mtoano, mrushaji wa mwisho huongezeka thamani kwelikweli. Mapumziko kati ya mechi ni mengi, kwa hiyo anaweza kutumika karibu kila siku na kwa awamu zaidi ya moja.

Hapo nikiri jambo kwa upande wa pili. Ile asilimia nne yangu ni hesabu ya kibahili. Awamu za mrushaji wa mwisho huja mechi ikiwa kwenye ncha ya kisu, na wapimaji wa takwimu huzipa uzito karibu mara mbili ya awamu ya kawaida. Oktoba uzito huo hupanda zaidi. Mwenye harusi si mjinga.

Lakini wapo waliolipa kijinga. Tarehe 31 Julai 1997, Seattle ilikuwa na timu nzuri sana na warushaji wa akiba wabovu sana. Ikamchukua Heathcliff Slocumb kutoka Boston. Ikatoa vijana wawili: mdakaji Jason Varitek na mrushaji Derek Lowe. Seattle ilishinda kundi lake mwaka huo, ikatolewa na Baltimore raundi ya kwanza, na msimu uliofuata ulipokwisha Slocumb akawa ameondoka. Boston, ambayo haikuwa imetwaa ubingwa tangu 1918, iliutwaa mwaka 2004; Varitek akiwa mdakaji wake, na Lowe akiwa mrushaji aliyeandikiwa ushindi katika mechi ya kumalizia ya kila raundi, zote tatu. Seattle hadi msimu wa 2025 haijawahi kucheza hata fainali moja ya World Series. Ukitaka kumtania shabiki wa Seattle, taja Slocumb, kisha sogea mbali kidogo.

Kinyume chake ni mwaka 2016. Yankees walikuwa na warushaji wawili wa aina hiyo kwa pamoja, Chapman na Andrew Miller, na timu ya wastani isiyoelekea kokote. Wakawatoa wote wawili. Cubs ya Chicago, iliyokaa miaka 108 bila ubingwa, ilimchukua Chapman akiwa na miezi mitatu tu ya mkataba, na katika watu wanne iliowatoa alikuwemo kijana aliyeitwa Gleyber Torres. Miller akaenda Cleveland kwa vijana wengine wanne. Halafu, kana kwamba mtu aliandika mchezo wa kuigiza, timu hizo mbili zikakutana fainali.

Usiku wa mechi ya saba Chapman alikuwa hoi. Katika mechi ya tano kocha alimtumia kuwatoa wapigaji wanane, kazi ambayo si ya mtu wa awamu moja, na ya sita akamrudisha tena. Katika ya saba aliingia awamu ya nane Cubs ikiongoza 6-3. Pointi moja ikaingia, kisha Rajai Davis akaupiga mpira ukavuka uzio, pointi mbili kwa mpigo, mechi ikawa 6-6. Mtu aliyenunuliwa kwa ajili ya dakika ile aliangukia kwenye dakika ileile. Mvua ikanyesha, mechi ikasimama kwa muda, waliporudi Cubs ikashinda 8-7 katika awamu ya kumi. Muulize shabiki wa Cubs kama anamlilia Torres. Hakuna.

Yankees nao? Torres alichaguliwa timu ya nyota mwaka 2018 na 2019. Kati ya wale wanane waliopokelewa kwa Chapman na Miller, yeye peke yake ndiye aliyekuwa nguzo ya timu kwa miaka kadhaa. Clint Frazier, aliyesifiwa kuliko wote waliotoka Cleveland, hakuwahi kuwa yule aliyetabiriwa. Mmoja kati ya wanane, na bado ilikuwa biashara nzuri, maana walichotoa ni miezi michache ya msimu ambao haukuwa na kitu. Desemba mwaka huohuo Chapman, akiwa huru, akarudi Yankees kwa dola milioni 86 za miaka mitano. Ni kama walimkodisha na kulipwa Torres kwa kumkodisha.

Kwa timu isiyo na mbio, basi, hesabu haina utata: Julai, mpe mwenye harusi. Kinachosumbua ni timu iliyo kwenye mbio yenyewe, lakini ni maskini na inajua mrushaji wake ataondoka bure mkataba ukiisha. Hapo ndipo penye Milwaukee, na mimi naipenda timu hii kwa sababu ni ya mji mdogo unaoshindana na New York na Los Angeles kwa akili tu.

Tarehe 1 Agosti 2022 Milwaukee ilikuwa inaongoza kundi lake kwa mechi tatu. Hader alikuwa na msimu mmoja na nusu kabla ya kuwa huru, na kila mtu alijua Milwaukee haitaweza kumlipa. Julai yake ilikuwa mbaya pia; alianza kupigwa. Viongozi wakampeleka San Diego. Wakapokea Taylor Rogers, ambaye alikuwa mrushaji wa mwisho wa San Diego, na mrushaji mwingine mzoefu, Dinelson Lamet, pamoja na chipukizi wawili, Robert Gasser na Esteury Ruiz. Kwenye karatasi ilipendeza: unaziba pengo leo na unapanda kwa kesho. Isitoshe, nyuma ya Hader alikuwepo Devin Williams, mrushaji ambaye timu nyingine zingemfanya wa mwisho zamani.

Ikaharibika ndani ya wiki. Lamet aliachwa siku chache tu baada ya kufika. Timu ilikwenda Pittsburgh, dhidi ya moja ya timu dhaifu za ligi, ikapoteza mechi zote tatu. Wachezaji hawakuficha kwamba wameshtushwa: wao wako kileleni, ofisi inamuuza mwenzao aliyekuwa uso wa timu. Msimu ukaisha na ushindi 86, mmoja pungufu ya Philadelphia iliyochukua nafasi ya mwisho ya mtoano. Mmoja! Na Philadelphia ikaenda nayo mpaka fainali.

Wapenzi wa takwimu, nami nimo, huwa tunacheka tukisikia habari za morali. Hatuwezi kuipima, kwa hiyo tunajifanya haipo. Sidhani kama Hader peke yake angebadilisha mechi zote zile; San Diego nako alianza vibaya sana. Lakini mtu akiniambia kwamba mshtuko ule haukuigharimu Milwaukee ushindi hata mmoja katika miezi miwili, simwamini, na walihitaji mmoja au miwili tu. Ushindi huo haumo kwenye hesabu ya awamu sitini. Umo kichwani mwa watu ishirini na tano waliobaki.

Kuna kioja ndani ya hadithi hii ambacho siwezi kukiruka. San Diego walifika nusu fainali mwaka huo wakakutana na Philadelphia. Hader alikuwa amerudi kwenye ubora wake. Mechi ya tano, awamu ya nane, San Diego mbele kwa pointi moja, Bryce Harper anakuja kupiga. Mpigaji wa mkono wa kushoto, na Hader anarushia mkono wa kushoto, aina ya mrushaji inayowasumbua wapigaji kama hao. Kocha akamwacha Robert Suarez aendelee. Harper akaupiga ukavuka uzio. San Diego wakatolewa na Hader hakurusha mpira hata mmoja siku ile. Walimnunua ghali kwa ajili ya nafasi ngumu kuliko zote, nafasi ikaja awamu moja mapema, naye yuko pembeni akitunzwa kwa ajili ya awamu ya tisa ambayo kwake haikufika. Hayo ndiyo madhara ya kuiabudu sevu.

Rudi Milwaukee. Desemba 2022, Esteury Ruiz, yule chipukizi, alitolewa katika biashara ya timu tatu, na kwa upande wao wakampata William Contreras, mdakaji kijana anayepiga mpira vizuri kuliko karibu wadakaji wote wa ligi. Akiwa nao, Milwaukee ilitwaa ubingwa wa kundi mwaka 2023 na 2024. Hader hakudumu San Diego; msimu wa 2023 ulipoisha akaenda zake. Ukiikata hadithi Oktoba 2022, Milwaukee walifanya kosa kubwa. Ukiikata 2024, waliiba. Zote mbili ni kweli, na ndiyo maana mabishano ya Hader hayaishi: kila mtu anachagua mahali pa kukata.

Mimi naamini kosa lilikuwa tarehe. Na ninayo sababu, kwa kuwa timu hiyohiyo ilipata nafasi ya kurudia mtihani. Devin Williams alichukua kazi ya Hader, akaifanya vizuri. Tarehe 3 Oktoba 2024, mechi ya kufa na kupona dhidi ya Mets ya New York, Milwaukee ikiongoza 2-0 awamu ya tisa, Pete Alonso akampiga Williams mpira wa pointi tatu, msimu ukaisha hapo. Williams naye alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu. Safari hii waliusubiri msimu uishe, na Desemba wakampeleka Yankees, wakapokea mrushaji Nestor Cortes na kijana asiyetajwa sana, Caleb Durbin. Bei ya Desemba ni ndogo kuliko ya Julai. Hakuna harusi Desemba. Lakini hakuna mchezaji aliyefika mazoezini Februari akijiona amesalitiwa katikati ya vita. Durbin akawa mchezaji wao wa kituo cha tatu, Trevor Megill akapewa awamu ya tisa, na mwaka 2025 Milwaukee ikashinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi. Williams, huko New York, aliipoteza nafasi ya mrushaji wa mwisho msimu ukiwa bado mchanga.

Kwa hiyo ukiwa huna mbio, uza Julai kwa mwenye shida. Ukiwa kwenye mbio, vumilia hadi msimu uishe, ukubali kupata kidogo. Pale usipotakiwa kuwa ni kwenye kusitasita. St. Louis walikuwa na Ryan Helsley, aliyeongoza ligi nzima kwa sevu 49 mwaka 2024. Walishatangaza kwamba wanataka kuwapa vijana nafasi, halafu wakambakiza. Julai 2025 alipelekwa Mets akiwa na miezi miwili tu ya mkataba, na waliopokelewa walikuwa wa daraja la chini kuliko ambavyo wangepatikana miezi minane kabla. Mets nao hawakuambulia kitu: Helsley alipigwa vibaya New York na timu ikakosa mtoano siku ya mwisho kabisa. Mkono wa mrushaji ni mali inayooza. Tangu Frank Jobe alipofanya upasuaji wa kwanza wa kurekebisha mshipa wa kiwiko mwaka 1974, mamia wamepita chini ya kisu hicho, na anayepasuliwa hukaa nje mwaka mzima au zaidi. Kila mwezi unaomshikilia mtu usiyemhitaji, unacheza kamari na kiwiko chake.

Nilivyosema hivyo kwa wale vijana, mmoja aliniuliza swali zuri: je, mrushaji akiwa na miaka mingi iliyobaki, si ndiyo sababu ya kumweka? Mason Miller ndiye jibu lililo hai. Timu ya Athletics ilikuwa na haki naye hadi msimu wa 2029, anarusha kasi ya kutisha, na analipwa kidogo. Tarehe 31 Julai 2025 wakampeleka San Diego pamoja na mrushaji JP Sears, wakapokea vijana wanne, mkubwa wao kwa sifa akiwa Leo De Vries, mwenye miaka 18, ambaye karibu kila orodha ya chipukizi ilimweka karibu na kilele. Ile miaka mingi ndiyo iliyoipandisha bei hadi hapo. Kwa miezi miwili ya Miller hakuna ambaye angemtoa De Vries. Athletics walimaliza na ushindi 76. Ningekuwa mimi, ningesaini karatasi hiyo kabla ya chai.

San Diego nao siwalaumu. Walifika mtoano, Miller akarusha kwa namna ambayo wapigaji wa Cubs walionekana kama wamefumbwa macho, na bado walitolewa ndani ya mechi tatu kwa sababu wenzake hawakupata pointi za kutosha za yeye kuzilinda. De Vries alimaliza msimu huo ngazi moja tu chini ya ile ya juu kabisa ya ligi ndogo, akiwa na miaka kumi na minane. Msimu huo wa 2025 ulipoisha, Miller alikuwa bado amebakiza misimu minne San Diego.